Rodi moja ya flai, baharini na mtoni: uanze na ipi?

Wengi wanaoniuliza wanataka kitu kimoja, rodi ya flai (fimbo ya kuvulia kwa chambo chepesi cha manyoya) wavulie hapa kwetu Unguja maji yakianza kujaa, halafu wakivuka bara waende nayo hiyo hiyo mtoni, maana pesa ya kununua mbili hakuna. Ipo, ila usinunue kwa kutazama rangi.

Ya kwanza kwangu mie ni namba 8, futi 9, vipande 4. Hiyo namba ni ya uzito wa mshipi inaorusha, si wa samaki, kwa sababu kwenye flai kinachorushwa ni mshipi wenyewe, kile chambo cha manyoya hakina uzito wa maana. Sasa nenda Jambiani kusi limechachamaa, simama maji ya magoti urushe namba 5, mshipi utakurudia usoni. Namba 8 inaukata ule upepo, changu na kolekole wadogo inawamudu, na vipande 4 unavitia mfukoni ukapanda navyo boti ya Dar bila kugombana na mtu.

Ya pili namba 9, kama wewe mtu wa bahari zaidi au unawataka wale samaki taiga wenye meno wa mto Kilombero (hao utie waya mbele ya ndoana, uzi wa kawaida wanaukata). Mkono utachoka, hilo ujue.

Namba 6 ya tatu, kwa sato na perege raha tupu, baharini siku ya shwari tu. Namba 5 kwao mito ya trauti ya Mlima Kenya, huku iache dukani, na namba 12 ni ya kolekole wakubwa, mtoni haina kazi.

Lakini jamani, kinachowaliza watu si rodi yenyewe, ni rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, na pale inapokaziwa! Rodi ni ya kaboni, haishiki kutu, vinavyoliwa ni pete za kupitishia mshipi, kikazio cha rili (pale inapofungiwa kwenye rodi) na rili yenyewe. Mie seti yangu ya mwanzo niliuziwa bei poa, muuzaji anaapa kabisa ya bahari hii, wiki mbili tu za Chwaka ile nati ya kukazia rili ikaganda, imeota unga mweupe pembezoni, nikaimwagia mafuta ya nazi, nikaigonga na kifuu, wapi, mpaka leo rodi na rili ni mtu na mkewe. Kwa hiyo pesa ikiwa haitoshi punguza kwenye rodi, rili chukua ya alumini ambayo breki yake imezibwa maji yasiingie, na inayobeba uzi wa akiba kama mita 200 chini ya mshipi. Na ukirudi pwani suuza kwa maji baridi yasiyo chumvi siku ile ile, usiseme kesho.

Mshipi nao uulizie wa nchi za joto, ule wa baridi ukipigwa na jua letu unalainika unanata kwenye pete, ila wa joto ukiupeleka kwenye mito ya milimani unakakamaa na kujikunja kama waya, kwa mwenye safari hizo anunue gurudumu la pili la rili abadilishe.

Dukani nenda na kisumaku kidogo, kiguse kwenye kikazio cha rili. Kikinata, hicho ni chuma cha kushika kutu, mrejeshee mwenyewe rodi yake.