TAHADHARI: Fundi wa "dashibodi ya KITT" hapa Arusha ni tapeli, msimtumie hata mia

Nina wiki tatu jambo hili limenikaa kifuani. Mama watoto kanikataza nisiandike, anasema nitachekwa mara ya pili. Chekeni. Bora mnicheke mimi kuliko na mwingine alizwe, maana jana nimeambiwa chalii kashuka Moshi na anapima dashibodi ya jamaa mmoja mwenye Supra.

Gari mnalijua, silielezi upya. Celica nyeusi ya 1991, ile yenye taa zinazofumbuka kutoka kwenye boneti, ninayoigeuza iwe KITT, lile gari linaloongea la tamthilia ya Knight Rider. Na kelele zenu za "Pontiac ya Unga Limited", maana KITT wa kweli ni Pontiac, nazikumbuka, asanteni sana. Pua ya faiba ilishakwisha, rangi ilishakwisha, kilichobaki kilikuwa ndani. Waliotazama Knight Rider wanaelewa: ukiitoa ile dashibodi, KITT ni gari jeusi tu kama la mchungaji. Nilikuwa naitaka ile ya misimu miwili ya mwanzo, yenye skrini mbili, na ile mihimili mitatu myekundu inayopanda na kushuka gari likiongea. Ila sikutaka urembo. Nilisema toka siku ya kwanza, na meseji ninazo: namba zisome injini yangu, joto liwe joto la injini yangu, mafuta yawe yale niliyoweka mimi sheli.

Mtasema, ulimwaminije mtu wa mtandaoni? Nisikilizeni kwanza. Huyu alikuja mwenyewe mpaka nyumbani Kijenge. Akamwamkia mama yangu shikamoo kwa kuinama, akanywa chai, soda akaikataa. Nilipomwonyesha picha ya dashibodi niliyoihifadhi kwenye simu, akanisahihisha: "Kaka, hii ya skrini moja ni ya msimu wa tatu kwenda mbele, wewe unataka ya mwanzo." Mtu anayejua hilo namdhaniaje tapeli? Alijua kwamba sauti ya KITT ni ya William Daniels, na kwamba mzee yule hakutaka jina lake liandikwe mwanzoni mwa tamthilia. Vidole vyake vilikuwa na makovu ya kuunganishia nyaya kwa risasi ya moto. Na kilichonimaliza kabisa, nilipotaka kumpa hela yote alikataa. "Nipe laki tisa ya vifaa, kaka. Iliyobaki utanipa ukiona kwa macho yako linafanya kazi." Nani siku hizi anakataa hela? Nikaingia ndani nikamwambia mama watoto, huyu kijana kalelewa. Yeye akaguna tu. Hajaacha kunikumbusha ule mguno.

Bei tuliyokubaliana ni 2,400,000. Gari likakaa kwake Njiro siku kumi na moja.

Siku ya kukabidhiwa aliniambia nije saa moja usiku ili taa zionekane vizuri. Na kweli zilionekana! Geti linafunguliwa, ile taa nyekundu ya mbele inakimbia kushoto, inarudi kulia, ua zima jekundu. Nilijiona mtoto mbele ya deki ya video ya jirani. Akakaa yeye kwenye usukani. Mimi akanisimamisha dirisha la kushoto, akasema, "Rekodi, kaka, hii ni kumbukumbu." Nikatii. Akawasha. Skrini zikaamka, maandishi ya kijani yakateremka, MIFUMO YOTE SALAMA. Akakanyaga mafuta, namba za mizunguko ya injini zikapanda: 1,500, 2,200, 3,000. Akaachia, zikashuka. Akakanyaga tena, zikapanda tena. Mara tatu. Joto 82. Nilipiga yowe mpaka majirani wakachungulia ukutani.

Halafu likaja la kuongea. Akasema, "Msalimie bosi." Mihimili ikaruka: "Karibu bosi, nilikuwa nakusubiri," na jina langu juu. Nikaliuliza saa, likajibu. Nikaliuliza Jumamosi anashinda nani, Simba au Yanga, likasema, "Bosi, mimi ni gari, usinigombanishe na watu." Nilicheka mpaka machozi. Nikaliuliza, Mungu anisamehe, kama nimuuzie shemeji kile kiwanja cha Moshono. Likaniambia nisubiri bei ipande. Dakika kumi nzima, mtu mzima na ndevu zangu, naomba ushauri wa kiwanja kwa mdogo wake fundi aliyejifungia chumbani na simu, sauti inakuja kwa Bluetooth. Na nilimwona akiingia ndani! Alisema anakwenda kuchaji.

Nikatuma 1,500,000 palepale nimesimama, nikaongeza na 50,000 ya chai. Hiyo 50,000 ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana hakuiomba.

Ile video niliyowarushia usiku ule, itazameni tena, ila safari hii sikilizeni injini. Namba zinapanda kwanza, mngurumo unafuata. Skrini haikuwa inasoma kitu. Mguu wake ndio ulikuwa unaifuata skrini, kama mwanakwaya mgeni anayetegea neno la wimbo kwa jirani yake. Nimeiangalia mara ishirini sasa na kila mara natamani kumrukia dirishani.

Harusi ya Moshi, ambako gari langu lilikodiwa kubeba maharusi, mliokuwepo mnaijua, na msiokuwepo mmeshasimuliwa kwa chumvi, kwa hiyo nasema ukweli wake kwa kifupi. Asubuhi natoka Arusha niliona kasi ya kwenye skrini haiendani na mwendo wangu. Nikampigia nikiwa Usa River. Akasema mfumo bado unajifunza gari, niupe kilomita mia mbili utatulia. Nikaamini, naam. Mpaka Moshi, kilomita 80 hivi, gari halikunisumbua, maana likikimbia upepo wenyewe unapoza rejeta. Balaa lilianza baada ya kanisani. Tuko nyuma ya pikapu ya matarumbeta, mwendo wa kutembea kwa miguu, jua la saa nane, maharusi nyuma yangu, na mimi najitazama kwenye vioo vya maduka ya Kiborloni. Joto 82. Harufu fulani ikaja, nikatazama skrini, 82, nikajua ni gari la mwingine. Mvuke ukapanda kwenye boneti, 82. Injini ikakohoa, ikazima. Matarumbeta yakaendelea mbele bila sisi.

Kimya. Mtoto mshika pete akasema, "Anko, mbona tumesimama na hapa kumeandikwa tisini na sita?"

Na kweli skrini inasema tunakwenda kilomita 96 kwa saa, injini mizunguko 3,000, joto lilelile. Kabla sijapata jibu la kumpa mtoto wa watu, kikajitokeza kiboksi cheupe katikati ya skrini ya kulia: betri imebaki asilimia 5, unganisha chaja. Bwana harusi alikisoma kwa sauti. Bibi harusi akahamia kwenye Noah.

Fundi umeme wa Unga Limited alipofungua alikaa chini akacheka kwanza, ndipo akanieleza. Ni tableti mbili za bei rahisi nyuma ya kioo cheusi, zinacheza video. Video moja ya maonyesho, ya kupanda na kushuka, nyingine ya safari, inajirudia. Hakuna waya hata mmoja unaokwenda kwenye injini. Waya wa umeme tu ndio upo, na huo kauunga kwenye laini ya feni ya rejeta, pamoja na zile taa zote za mbele. Fyuzi ikazidiwa ikaungua, feni ikafa, tableti zikabaki zinakula betri zake zenyewe, na taa ya mbele ilishazimika zamani ila mimi niliye ndani naionaje? Na geji zangu za Toyota alishazing'oa zote, ile ya joto pia, eti mfumo mpya unafanya kila kitu. Yaani ningekuwa na ule mshale wa zamani tu, ningeuona ukipanda nikasimama. Gasketi ya silinda hedi imeungua, hedi imepinda ikapelekwa kuchongwa, 640,000. Wenye harusi nimewarudishia 300,000 yao. Jumlisheni wenyewe, mimi nimechoka kujumlisha.

Nilipompata kwenye simu, kwa namba ya mtu mwingine, mnajua alinijibu nini? "Kaka, hata ile ya kwenye tamthilia ilikuwa taa za kuwakawaka tu. Ulitaka kama ya kwenye tamthilia, nimekupa kama ya kwenye tamthilia." Akakata. Kinachonikera zaidi ni kwamba kuhusu tamthilia hakusema uongo.

Huyu mtu afungwe. Sisemi aonywe, nasema afungwe, gereza la Kisongo linamwita. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, si ugomvi wa fundi na mteja kama alivyotaka kunituliza yule mpatanishi wake aliyekuja na "mzee, yamalizeni kindugu". Undugu upi? RB ya polisi, ile namba ya kuripoti kesi, ninayo, ndiyo maana jina lake siliandiki hapa, na namba aliyopokelea hela nimeituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Ningekuwa mimi hakimu, ningemfungia kwenye chumba chenye tableti moja inayorudia video ya ugali na nyama choma. Njaa ikimbana, aangalie.

Wenzangu mnaotengeneza magari ya namna hii mlishaniuliza nilipaswa kustuka wapi. Sehemu nyingi, nikitulia. Alitaka usiku. Hakunipa usukani hata sekunde moja. Kanyaga mafuta wewe mwenyewe, yeye asimame nje. Alisema anasoma injini kupitia soketi ya OBD, ile ya kuchomekea kifaa cha kupima gari kwa kompyuta, na gari la 1991 la aina yangu halina soketi hiyo. Marekani kwenyewe OBD ya pili imelazimishwa kwa magari ya kuanzia 1996. Toyota za umri ule zina kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, na mle ndani kuna tundu limeandikwa IG-. Waya wa kweli wa kusoma mizunguko ya injini unatoka pale. Injini ya silinda nne inatoa cheche mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 3,000 unapata mapigo 100 kwa sekunde. Bodi ndogo ya kielektroniki kama Arduino inayahesabu, inaipelekea kompyuta ndogo, nayo inachora namba. Si uchawi, na vifaa vyake havifiki hata nusu ya nilichotoa. Ukitaka kumjaribu mtu, chomoa soketi ya sensa ya joto injini ikiwaka. Skrini isiposhtuka, shuka garini na hela yako mfukoni. Na geji za zamani usikubali ziondolewe, hata zifichwe chini ya kiti, ilimradi zipo.

Mengine nimeyasahau kwa hasira. Alikuwa pia na haraka sana ya kunirudishia ufunguo, na yule mdogo wake alikuwa akinitazama na kucheka pembeni, nikadhani anafurahia gari.

Mwenye Supra wa Moshi, kama unasoma hapa, nitafute leo kabla hujatuma hiyo "ya vifaa". Na kama kuna anayemjua fundi wa hedi anayekubali kulipwa kidogo kidogo, aniandikie, maana wa Unga Limited kashikilia gari mpaka nimalize 240,000 yake iliyobaki. Tableti nilizichomoa, watoto wanaangalizia katuni.