George ya Norton St Philip na George ya Southwark
Nyumba ya wageni ya George katika kijiji cha Norton St Philip, Somerset, Uingereza, ilijengwa na watawa wa monasteri ya Hinton katika Zama za Kati, na wafanyabiashara wa sufu waliitumia wakati wa magulio. Chini ina kuta za mawe, ilhali ghorofa za juu, zenye fremu ya mbao, zimechomoza kuelekea barabarani. Kwangu hii ndiyo bora, kwa kuwa imesalia karibu kamili. George ya Southwark, London, iliyojengwa upya mwaka 1677 baada ya moto, ina roshani za mbao zinazotazama ua, lakini kampuni ya reli ilibomoa sehemu yake kubwa mwaka 1889, hasara inayoumiza mpaka leo.