Nimezunguka viwanda vya wiski Speyside na sijaonja hata tone: maoni ya dereva

Nimerudi juzi kutoka Speyside, kaskazini mwa Uskoti, siku tatu za kuzungukia viwanda vya wiski kwa gari la kukodi, na naandika kwa sababu maoni karibu yote niliyosoma kabla ya kwenda yaliandikwa na wanywaji. Mimi ndo nilikuwa dereva. Tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na shemeji yangu ambaye safari nzima ilikuwa wazo lake, sasa kura ya nani ashike usukani mnajua wenyewe iliangukia wapi.

Hilo la dereva msilichukulie kirahisi. Uskoti tangu Desemba 2014 kiwango kimeshushwa mpaka miligramu 50 za pombe kwa kila mililita 100 za damu, ukivuka tu kuingia England bado ni 80, kwa hiyo mazoea ya huko chini usipande nayo. Na kesho yake asubuhi nayo inahesabika kama jana ulizidisha. Mi nikaamua sifuri, siku zote tatu, sitaki mahesabu. Afadhali viwanda vingi vinalijua hili, ukiwaambia wewe ndo dereva wanakuwekea mgao wako kwenye vichupa vidogo unaondoka navyo. Sema mapema tu, mapokezini, usingoje glasi zishajazwa ndo unaanza kujieleza.

Gari sasa. Tuliomba gia za otomatiki tukapewa ya kukanyaga klachi, kampuni siitaji, ila kagueni kabla hamjasaini maana mimi nilishaweka mabegi ndani ndo nagundua. Tulitoka Edinburgh tukashika A9, na ile barabara ni nzuri mpaka inachosha macho, milima ya Cairngorms upande mmoja, mito kila kona, lakini kuanzia Dunblane mpaka Inverness kuna kamera zinazopiga wastani wa mwendo, yani siyo unapunguza ukiiona halafu unaachia, inakupima kutoka kamera hii mpaka ile. Dashibodi inasoma maili, usisahau, na sehemu zenye njia moja kila upande mwisho ni 60. Kuendesha kushoto kwetu siyo tatizo, Wamarekani ndo niliwaona wanahangaika.

Dalwhinnie kiko pale pale karibu na A9, juu kabisa kwenye baridi, wengi wanasimama hapo kwanza na sisi tukasimama. Picha nzuri, basi, twende. Utamu wenyewe unaanza ukishaiacha A9 na kushika A95 kufuata mto Spey, mashamba ya shayiri, paa zile za ncha kama za mahekalu ya Asia zinachomoza juu ya miti, na kila ukiona paa ujue kiwanda hicho.

Kosa letu kubwa lilikuwa siku ya pili, shemeji alibuki vitatu kwa siku moja. Kwenye ramani unaona vijiji vya Dufftown, Craigellachie na Rothes vimebanana, dakika kumi kumi, unajiambia hata vinne vinawezekana. Haiwezekani. Kila ziara ni saa moja na zaidi, kuonja kuna muda wake, duka lina muda wake (na shemeji dukani ana muda wake mrefu kuliko wote), cha tatu tulifika wenzetu washaingia na hela haikurudi. Viwili kwa siku, kimoja asubuhi kimoja baada ya chakula. Na tiketi nunueni mtandaoni kabla, msijiendee tu.

Glenfiddich pale Dufftown ndo nampa alama za juu. William Grant na watoto wake walianza kukijenga 1886, wiski ya kwanza ikatiririka siku ya Krismasi 1887, na bado ni mali ya familia. Ukiinama juu ya yale mapipa makubwa ya mbao wanamochachushia, gesi inakupiga puani mpaka machozi. Kwenye maghala wanakueleza kwamba kama asilimia 2 ya wiski inapotea kwa mvuke kila mwaka kupitia mbao za mapipa, wanaiita mgao wa malaika, na kuta na miti ya karibu inakuwa myeusi kwa kuvu wanaoishi kwa ule mvuke. Nilisimama mlangoni navuta pumzi kwa nguvu. Malaika na mimi tulikuwa kundi moja siku ile.

Cardhu nilipenda hadithi kuliko kiwanda. Helen Cumming, mke wa mwanzilishi, enzi za kukeneka wiski kwa kujificha, inasimuliwa kwamba watu wa ushuru wakija anawakaribisha vizuri, anawapa chakula, huku nje kapandisha bendera nyekundu majirani wafiche vyao. Macallan hiki kipya cha 2018 jengo lake ni la kushangaza, paa limeota majani kama kilima, lakini mi naona kama uwanja wa ndege.

Sasa kwa dereva mwenzangu, sehemu zisizohitaji glasi kabisa ni tatu. Speyside Cooperage, karibu na Craigellachie, unakaa juu unawaangalia mafundi wa mapipa wanavyogonga pete za chuma kwa kasi ambayo mke wangu alisema inamtisha, yangu ndo ilikuwa saa tamu kuliko zote. Ya pili bustani nyuma ya Glen Grant pale Rothes, unapanda na kijito mpaka kwenye korongo, kuna kisefu ndani ya mwamba ambamo Meja Grant, mwenye kiwanda enzi hizo, alikuwa anaweka chupa yake. Ya tatu daraja la chuma la mhandisi Thomas Telford, Craigellachie, la 1814, magari hayapiti tena, tembea kwa miguu jioni.

Kama mnaenda majira ya baridi angalieni ile njia ya Lecht kati ya Cockbridge na Tomintoul, theluji huifunga mara kwa mara, na baadhi ya viwanda hupunguza siku za kufungua. Kiangazi navyo vingi husimamisha mitambo wiki kadhaa kwa matengenezo, ulizeni kabla, mtaishia kuangalia mitungi ya shaba iliyopoa. Na maduka Uskoti hayauzi pombe baada ya saa nne usiku.

Usiku wa mwisho gari limepaki, funguo nimempa mke wangu, nikapanga vichupa vyangu vitano dirishani hotelini nikaanza na cha kwanza. Shemeji alikuwa ameshalala.