Kabla ya Kulipia Fenibelti Mpya, Tazama Tenshena: Chaguo Nne kwa Mpangilio Wangu

Malalamiko yanayonifikia kuhusu fenibelti yanafanana mno: mtu amenunua mkanda mpya, fundi ameufunga, mlio umekoma kwa wiki chache, kisha umerudi uleule, na sasa muuzaji anamshauri anunue mkanda mwingine. Mara nyingi mkanda hauna kosa. Kosa liko kwenye tenshena, yaani ule mkono wenye springi na puli unaoukaza mkanda muda wote injini inapozunguka, ambao hakuna aliyeutaja wakati fedha zikihesabiwa. Ndiyo maana hapa sipangi mikanda peke yake, bali namna za kununua mfumo mzima unaoendesha alteneta, kompresa ya kiyoyozi, pampu ya stelingi na, katika injini nyingi, pampu ya maji.

Vipimo sitavijadili kwa kirefu, kwa kuwa vimeandikwa mgongoni mwa mkanda wenyewe. Ukisoma 6PK1840, huo ni mkanda wenye matuta 6 na urefu wa milimita 1,840, na wowote usiolingana na ule wa injini yako urudishwe hapo hapo.

Tenshena ndiyo inayostahili macho yako. Zamani kila kifaa kilikuwa na mkanda wake, na fundi aliukaza kwa kulegeza bolti na kukisogeza kifaa chenyewe. Mkanda mmoja mrefu unaozungukia vifaa vyote uliingia katika magari yanayozalishwa kwa wingi kupitia Ford Mustang ya mwaka 1979, na tangu hapo, katika injini nyingi, mzigo wote wa kukaza umebebwa na mkono mmoja. Mkono huo haupumziki. Krenki, yaani mhimili wa injini unaouzungusha mkanda, haizunguki kwa mwendo ulio sawa: kila silinda inapowaka huongeza kasi kidogo, kisha huipunguza, na mtikisiko huo husafiri ndani ya mkanda hadi kwenye tenshena, ambamo springi hukaza na bushi ya msuguano hutuliza. Bushi ikilika, mkono huanza kucheza. Springi ikichoka, mkanda huteleza, hupata moto, na alteneta hushindwa kuchaji ipasavyo hasa taa na kiyoyozi vinapowashwa pamoja. Egemeo likilika, puli huinama kidogo tu, kiasi ambacho jicho la haraka halitakiona, lakini mkanda huanza kuhamia pembeni na kulika ukingo mmoja.

Injini ikiwa inanguruma bila mwendo, simama pembeni, mikono mbali, uutazame mkono wa tenshena. Ukitulia au ukitikisika kidogo tu, ni mzima, ukirukaruka, umechoka. Injini ikizimwa, tafuta vumbi la rangi ya kutu penye maungio ya mkono na kitako chake. Vumbi hilo ni chuma kinachosagana.

Kinachowapoteza hata mafundi wazuri ni kwamba mikanda ya leo haichakai kama ya zamani. Ile ya neoprini, mpira uliotumika zamani, ilionyesha nyufa, na aliyeziona alijua wakati umefika. Ya EPDM, aina nyingine ya mpira wa kiwandani ambayo ndiyo iliyoenea sasa, hulika kama tairi: matuta hupungua, mkanda huzama ndani ya mifereji ya puli, nao huwa kama umerefuka, huku juu ukionekana mzima kabisa. Kwa kawaida hufikisha kilomita 100,000 na kuzidi, na tenshena nayo imekwenda umbali huohuo bila mtu kuikagua.

Chaguo la kwanza, na sioni haya kusema ndilo nilipendalo, ni seti kamili ya Gates: mkanda, tenshena na puli za kupitishia katika boksi moja. Kampuni hii ya Denver, Marekani, ilianzishwa mwaka 1911, na mikanda yake ya Micro-V ni ya EPDM. Ninachokithamini zaidi ni kwamba mnunuzi wa seti halazimiki kuchagua kipi kibaki kikuukuu.

La pili ni kununua mkanda wa Bando au Mitsuboshi, watengenezaji wawili wa Kijapani ambao mikanda yao naiamini bila wasiwasi, pamoja na tenshena ya INA ya Ujerumani au Litens ya Kanada. Njia hii hutaka umakini, kwa maana unanunua vipuri viwili kwa namba mbili. Kwa injini nyingi za dizeli ningeiweka ya kwanza ikiwa puli ya alteneta yenye klachi ndani nayo imekufa, kwa kuwa INA na Litens hutengeneza pia puli hizo. Klachi hiyo ikikwama, tenshena mpya itapigwa mitikisiko hadi iharibike mapema.

La tatu ni boksi la mtengenezaji wa gari. Ubora wake sina shaka nao, lakini mara nyingi mkanda ulio ndani umetoka kwa kampuni zilezile za mikanda, na sehemu ya fedha unailipia nembo ya nje.

La nne ni mikanda isiyo na jina. Iwe ya kukufikisha gereji tu.

Wauzaji wananiudhi kwa mambo mawili. Wanauza dawa ya kupuliza ya kunyamazisha mkanda, ambayo huficha mlio na kuacha utando unaonasa vumbi, ilhali mlio ndio taarifa pekee aliyo nayo mwenye gari. Tena wanauza tenshena zilizong'olewa kwenye magari yaliyovunjwa, zikiwa zimesafishwa zing'ae, kana kwamba springi hurudishiwa nguvu kwa petroli na brashi. Ni hatari, kwa kuwa mkanda ukiruka, stelingi inayotegemea pampu inayoendeshwa na mkanda huo huwa nzito ghafla, na pale ambapo pampu ya maji nayo imesimama, injini huchemka kabla hujapata mahali pa kuegesha.

Kama kuna oili inayovuja juu ya mkanda, ziba uvujaji kwanza, kwa sababu mpira wa EPDM hauvumilii oili na seti yoyote ile itaharibika. Dukani, omba boksi la tenshena lifunguliwe, uizungushe puli kwa kidole: izunguke kimya, bila kukwaruza wala kuyumba. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.