Supamaketi safi, ila namba yangu ya simu ya nini jamani?

Hii supamaketi mpya ya katikati ya mji hapa Mwanza, jina naliacha, kwenye bidhaa sina neno. Mkate jioni unaukuta wa moto, bei ya mchele na mafuta ya kula haipishani sana na Makoroboi, halafu kuna AC, na kwa jua hili la kwetu hicho si kitu kidogo. Samaki waache, yani mtu wa Mwanza unanunua sato wa friza kweli?

Shida iko kaunta. Una sukari kilo moja na sabuni, dada wa keshia anauliza "kaka, namba ya simu?" Ya nini? "Ya pointi." Nikamwambia pointi sihitaji, akasema mfumo hauendi bila namba. Mama aliyekuwa mbele yangu yeye alitaja yake kwa sauti, tarakimu zote kumi, foleni nzima tumesikia. Na namba ya simu Bongo ndo pochi yenyewe, mtu akijifanya anakutumia hela tu jina lako kamili linakuja, ashajua wewe ni nani na hapo hajakuuliza kitu.

Halafu kuna waifai ya bure, nayo kuingia mpaka uweke namba. Hapa ndo watu hatushtuki, simu ikiwa imewashwa waifai inapita inaita mitandao hata kama hujaunga popote, na duka likiwa na vifaa vya kunasa hiyo miito linajua simu ileile imekuja mara ngapi na imesimama wapi. Simu za siku hizi zinabadilisha kitambulisho chake, sawa, lakini ukishaandika namba yako mwenyewe umewamalizia kazi. Sisemi hawa wanafanya hivyo, nasema nimezunguka kuanzia mlangoni mpaka kwenye majokofu, tangazo pekee ni "usiingie na mfuko".

Marekani kampuni moja inaitwa Nomi ilikuwa inafuatilia simu za wateja madukani hivyo hivyo, ikaahidi mtu anaweza kujitoa akiwa dukani, kumbe hiyo njia haikuwepo, mwaka 2015 FTC, mamlaka ya serikali yao inayolinda wateja, wakaibana kwa ahadi ya uongo. Angalia hapo, kilichoibana ni ahadi, wangenyamaza sijui ingekuwaje.

Sisi sheria tunayo bana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na Tume yake ipo. Anayechukua taarifa zako anatakiwa akuambie anazichukulia nini, na una haki ya kukataa zisitumike kukutangazia biashara. Sasa meseji za ofa za pampasi ninazopata mimi ambaye sina mtoto, hiyo haki naidai kwa nani wakati meseji yenyewe haina hata namba ya kujibu? Tume wakianza na kitu kidogo tu, kila duka libandike kaunta linachukua nini na la nini, kwa Kiswahili kinachosomeka, tutakuwa tumepiga hatua.

Nawapa nyota tatu. Na mkienda, gomeni kistaarabu: mimi nilisimama pale mpaka supavaiza akaja, akaandika sifuri kumi, risiti ikatoka. Mfumo unaenda vizuri tu.