Catalina 22: mashua ninayoivuta nyuma ya gari

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, nimekulia kwenye mashua ya baba, na sasa naishi Houston. Misimu minne iliyopita nilinunua Catalina 22 iliyoundwa 1984, dola 3,200 pamoja na trela lake. Ni mashua ya matanga ya faibaglasi, urefu futi 21 na nusu. Frank Butler wa California ndiye aliyeibuni na kuanza kuiuza 1969, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 15,000. Ndiyo maana za mkono wa pili hazikosekani, wala vipuri vyake.

Uzuri wake uko chini, pasipoonekana. Ina mkuku, yaani bapa zito la chini ya mashua, wa chuma wa pauni 550 hivi, unaoning'inia kwenye pini moja na kuzunguka kama kisu cha kukunja. Ukiushusha, chombo kinataka maji ya futi tano. Ukiukunja kwa winchi, futi mbili zinatosha. Ghuba ya Galveston, huku karibu na Houston ninakosafiria, ina kina kifupi. Ukitoka nje ya mkondo wa meli, sehemu kubwa haifiki futi kumi, na kuna matuta ya chaza. Mwaka juzi nilikuwa napiga bisho, yaani naupanda upepo kwa kwenda upande huu na ule, alasiri moja nikasikia kitu kinakwaruza chini ya miguu. Ile bolti ya kuufungia mkuku sikuwa nimeikaza, basi ukarudi nyuma wenyewe juu ya tope. Nikazungusha winchi, tukaelea, tukageuza. Mashua ya baba ikipanda fungu tulikaa tukala tende mpaka maji yajae. Huku kupwa na kujaa ni kudogo mno. Ukikwama, usitegemee maji yaje kukunyanyua.

Mkuku ukiwa chini inakwenda joshi vizuri, yaani kuelekea upepo unakotoka, kuliko chombo chochote cha tanga moja nilichopanda nyumbani. Na ikishika mwendo, waya unaoushikilia mkuku huanza kuvuma. Sauti inapanda kwenye sakafu, unaisikia nyayoni kabla ya masikioni. Mwanangu mdogo aliposikia mara ya kwanza alisema, "Baba, mashua inaimba." Wengi huuvisha waya mpira ili unyamaze. Mimi nimeuacha, kwa sababu ukivuma najua upepo umetushika barabara.

Lakini huo mkuku ndio uliokula pesa yangu. Aliyeniuzia aliniapia kwamba pini imebadilishwa. Usiku wa kwanza tulipolala nangani, kila wimbi dogo likipita nasikia tok, tok, chini ya kitanda. Mke wangu hakupata usingizi, nami sikuwa na la kumwambia. Tulipouteremsha mkuku nyumbani kwa jeki, pini ilikuwa imelika upande mmoja na tundu lake limekuwa na umbo la yai. Wikendi mbili zikaishia hapo, kutoboa upya, kutia bushi (kile kipete cha ndani ya tundu), kutia pini mpya. Tazama pia ule mpira mfupi ambamo waya unapita kuingia ndani. Uko chini ya usawa wa maji. Ukipasuka, maji yanaingia ngamani, chini kabisa ndani ya mashua, moja kwa moja. Wangu ulikuwa umekauka na kufanya nyufa, nikautupa siku hiyohiyo.

Ndani wanasema wanalala watano. Mimi nasema watu wazima wawili na watoto wawili, na kusimama wima usahau, labda ukinyanyua paa la kibanda, maana linanyanyuka.

Kusimamisha mlingoti na kuishusha mashua majini kunanichukua saa moja na nusu. Mlingoti una bawaba chini, kwa hiyo mmoja anausukuma toka nyuma na mwenzake anavuta kamba toka omoni, mbele ya mashua. Angalia nyaya za umeme juu kabla hujaugusa. Trela nalo lazima liingie maji mengi, nami hulifungia kamba nene kwenye gari ili magurudumu ya gari yabaki pakavu.

Ukienda kuitazama ya kununua, beba tochi na kipande cha boksi. Lala chini ya trela, shika ncha ya mkuku kwa mikono miwili uutikise kulia na kushoto. Ukicheza na kugonga, punguza bei ya pini, bushi na wikendi zako mbili kabla hujatoa pesa mfukoni.