Nimefunga ekzosi ya Fujitsubo kwenye Forester mwenyewe nyumbani, uzoefu wangu

Naendesha Subaru Forester SG5 ya 2004, ile isiyo na turbo, otomatiki, niko Dar pande za Goba. Sailensa ya nyuma ilishaliwa na kutu kitambo, imetoboka pale juu kwenye mshono ambapo huoni mpaka ulale chini kabisa, nimeichomelea mara mbili na kila mara inakaa miezi miwili mitatu inaachia tena. Ikafika hatua mlinzi wa jirani ananiambia asubuhi "mzee, gari lako leo limeamka na kikohozi". Nikasema basi, badala ya kuchomelea mara ya tatu ngoja nitafute ya michezo ya mtumba kutoka Japani, na nifunge mwenyewe maana kwa macho ni bolti mbili tu na raba za kuning'inizia. Bolti mbili!! Kaa na hiyo namba kichwani.

Kununua kwanza. Nilizunguka Kariakoo kule Gerezani siku mbili, na ukweli ni kwamba mabomba mengi yenye nembo kubwa kubwa pale ni nembo tu, mtu amechomelea kibati cha jina kwenye dumu la kawaida anakuambia laki tano. Kilichoniokoa ni kuangalia kipleti cha JASMA. Hicho ni chama cha Japani cha watengenezaji wa sailensa za michezo, bomba lao likishapimwa kelele linapigwa kipleti kwenye mwili wake. Niliyopata mimi ilikuwa ya Fujitsubo, kampuni ya Kijapani ya ekzosi, stenlesi, kipleti kipo, imechubuka chini kidogo lakini haijabonyea. Jamaa alianza laki nne tukaishia laki mbili na themanini. Kabla hujatoa hela fanya hivi: inyanyue uitikise kwa nguvu, ukisikia kitu kinacheza ndani achana nayo, maana vile vyuma vya ndani vikishaachia utaishi na mlio wa kopo maisha yako yote. Halafu angalia flanji, ile sahani ya chuma ya kwenye maungio inayopitisha bolti, weka rula juu yake, kama imepinda utahangaika na gasketi mpaka ukome.

Nikampitia fundi wangu kumuuliza tu kama itaingia. Akaangalia akasema itaingia, akaongeza "ila bosi, hapo tukitoa na masega inanguruma mpaka Kibaha, na masega yenyewe yana mteja". Masega ni kile kisafisha moshi kilichoko kwenye bomba huko mbele. Najua yana mteja, mle ndani kuna platinamu na paladiamu, ndo maana watu wanayawinda. Lakini hapana, masega yakitoka gari linanuka, taa ya cheki injini inawaka, na ule moshi anaumeza nani kama sio wanangu na wa jirani. Nikamwambia mimi naishia sailensa ya nyuma tu. Na faida ya kuishia hapo ni kwamba hugusi sensa yoyote ya oksijeni, zote ziko mbele huko.

Kingine alichonifungua macho: ule mngurumo wa Subaru ambao vijana wanaupenda, ule wa kudundadunda, hautoki kwenye sailensa. Unatoka kwenye mabomba ya mbele yanayotoka kwenye injini, upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine kwa hiyo moshi haufiki pamoja. Ndo sababu zile Legacy za kuanzia 2003 zilizowekewa mabomba ya urefu sawa hazina ule mlio hata ufunge dumu la aina gani huko nyuma. Sailensa inakuongezea sauti tu ya kile ambacho tayari kipo. Bora ujue kabla hujatoa hela yako.

Haya, kazi sasa. Ijumaa usiku nikapulizia bolti zote WD-40, Jumamosi saa mbili asubuhi nikapulizia tena nikaenda kunywa chai. Uwani kwangu ni mchanga, kwa hiyo chini ya jeki na chini ya stendi nimeweka vipande vya mbao nene, magurudumu ya mbele nimeyazuia na matofali. Tafadhali sana usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na matofali ni ya kuzuia gurudumu lisibiringike, sio ya kubeba gari, tofali la simenti linapasuka bila kukuaga.

Spana ya boksi namba 14, nikaweka na kipande cha bomba la maji kwenye mpini ili nipate nguvu. Bolti ya kwanza ikazunguka robo, nikafurahi, ikazunguka nusu, halafu ikawa laini ghafla kama siagi. Aisee. Ule ulaini kila aliyewahi kukata bolti anaujua, unausikia mkononi kabla hata kichwa hakijadondoka. Na springi yake ikaruka, hizi bolti za Subaru zina springi, ikapiga geti ikapotelea kwa jirani mpaka leo sijaiona.

Ya pili sikutaka hata kuijaribu, nikachukua grinda. Nikafunika upande wa tanki la mafuta na gunia lililoloa, dogo wa jirani kasimama na ndoo ya maji, maana cheche za grinda na tanki la petroli sio vitu vya kuvichezea. Nimekata kama nusu hivi, umeme ukakatika. Nikasubiri. Saa sita, saa saba, hola. Nikamtuma dogo dukani akaleta msumeno wa chuma, nikalala chali nikakata kwa mkono, nafasi yenyewe ya kusogeza msumeno ni kama urefu wa kidole, vumbi la kutu linakudondokea machoni (vaa miwani, mi nilivaa ya jua, ndo nilikuwa nayo), nikapumzika mara nne. Imedondoka saa nane na nusu. Kule kuning'iniza kwenye raba kulikonitisha siku zote kumbe dakika kumi, paka sabuni ya maji kwenye raba na kwenye kile chuma, vuta huku unazungusha, inateleza yenyewe. Usipake grisi, inakula raba.

Sasa nilipokosea. Mtumba haiji na gasketi. Pale kwenye maungio kuna gasketi ya mviringo, nene, inafanana na donati, na flanji ya sailensa ina mdomo uliopanuka kama kengele unaoikalia. Gasketi nilikuwa nimenunua mpya elfu kumi na tano, hiyo sawa. Ila springi moja imepotea na nyingine imeliwa na kutu, nikasema si kitu, nikapiga bolti mbili za kawaida, nati, nikakaza mpaka basi. Ilikaa kimya siku sita. Siku ya saba nawasha gari asubuhi nasikia tss tss tss inaenda na injini, halafu ikipata moto inapungua. Nikaziba mdomo wa bomba na tambara sekunde chache, nikasikia fsss pale pale kwenye maungio.

Kumbe zile springi hazipo kwa urembo. Injini inatikisika kwenye maunting zake, ekzosi yote inacheza nayo, na ile donati na kengele vimetengenezwa viteleze pale kama kiungo cha bega, springi ndo inavisukuma vikae pamoja huku vinacheza. Ukikaza kavu umelifunga bega. Kwangu donati ilianza kumeguka upande mmoja, ingeendelea hivyo ingepasua flanji. Nikarudi Kariakoo nikapata bolti na springi zake elfu kumi na mbili, na gasketi nyingine tena, nikafunga upya kwa dakika ishirini maana safari hii kila kitu ni kipya na kinazunguka. Tangu hapo kimya. Na uvujaji wa ekzosi usiuchukulie poa, ile hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na buti la Forester liko wazi mpaka kwenye siti, ikiingia ndani inawalaza watu.

Ukiwasha mara ya kwanza itatoa moshi mwembamba mwilini mwake, usishtuke, ni mafuta ya mikono na WD-40 inaungua. Ila ifute kwanza na tambara lenye spiriti. Mi nilifuta nikasahau sehemu moja, sasa hivi pembeni ya mdomo kuna alama ya dole gumba langu, rangi ya dhahabu, mistari yote inaonekana, imeungulia pale na haitoki hata kwa stili waya.

Matokeo sasa. Sauti ikiwa imesimama ni nzito, ya heshima, haisumbui, mlinzi ameniambia limepona. Ukikanyaga inafunguka vizuri sana, mjini unatembea na tabasamu. Nguvu? Hamna. Nasema hamna kwa sababu kuna watu watakuambia gari imekuwa nyepesi, ni masikio yanawadanganya, injini isiyo na turbo ukibadilisha dumu la nyuma peke yake huwezi kusikia tofauti makalioni. Mafuta pia ni yale yale, labda naunguza zaidi kidogo kwa sababu nakanyaga ili nisikie.

Kero ni safari ndefu. Nilienda Morogoro na familia wiki mbili baadaye, na kati ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,300 na 2,800, ambayo ndo hasa unatembea nayo barabara kuu, kuna mvumo mmoja mzito unakaa ndani ya gari, wuuuuu, haupandi haushuki. Mpaka Chalinze mama watoto alikuwa amezima redio kwa sababu haisikiki, akaniuliza taratibu tu, "hii ndo ile ya laki tatu?" Sikujibu. Ukiongeza mwendo unapotea lakini huko kuna tochi za trafiki, ukipunguza unapotea lakini malori yanakupita. Kurudi nikawa nacheza na gia tu, nashusha namba tatu kwenye vilima ili RPM ipande juu ya ule mvumo.

Jumla ya gharama kama ningefunga sawa tangu mwanzo: sailensa 280,000, gasketi 15,000, bolti na springi 12,000, WD-40 15,000, msumeno 3,000, yaani 325,000. Mimi imekuwa 340,000 kwa sababu ya ile gasketi ya pili. Bomba lenyewe nalipa alama nne kati ya tano, limekaa sawasawa kama la kiwandani, halijagusa bampa wala difu, na hiyo alama moja nimeikata kwa ajili ya mvumo. Nimeshaona watu wanauza kizibo cha kuingiza kwenye mdomo, unafunga na bolti moja ukisafiri, unatoa ukirudi mjini. Natafuta cha saizi yangu. Hiyo bolti yake nitaipaka grisi ya shaba kabla hata haijaonja moto.